Lebo ya sabuni yako ianzie soko gani? Afrika Mashariki, Ghuba, Ulaya na Marekani kwa vigezo vilevile

Chukua bidhaa mbili zinazotoka katika karakana ndogo ya Unguja, Tanga au Kilifi. Ya kwanza ni kipande cha sabuni ya kuogea cha gramu 100, kilichopikwa kwa mafuta ya nazi na mawese, kikachanganywa na unga wa mwani na mafuta ya makonyo, yaani vikonyo, ya karafuu. Ya pili ni chupa ya nusu lita ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, iliyotengenezwa kwa salfoniki na ungaroli (kemikali za kusafisha na kutoa povu), chumvi na manukato ya limau. Mwenye karakana anayo alama ya ubora ya nchini kwake na biashara inakwenda vizuri. Sasa wameuliza bei wanunuzi wanne: duka la Nairobi, mfanyabiashara wa Dubai, mwenye duka la bidhaa asilia huko Ujerumani, na ndugu aliyeko Marekani. Fedha ya kuandaa lebo mpya inatosha soko moja, labda mawili.

Wengi huanza na mchoraji. Humpa picha ya karafuu, huchagua rangi, hupanga maneno, ndipo huuliza kama lebo hiyo inakubalika nje. Swali hilo huja likiwa limechelewa, kwa sababu karibu kila mstari wa lebo ya kisheria unabebwa na karatasi iliyo nyuma yake: jina la mwagizaji linabebwa na mkataba, orodha ya viambato inabebwa na fomula iliyopimwa kwa mizani, tarehe ya kuisha muda inabebwa na kumbukumbu za majaribio, na alama ya hatari inabebwa na hesabu za uainishaji wa kemikali. Ndiyo maana ulinganisho huu unatazama lebo pamoja na karatasi zinazoibeba. Soko linalokufaa kwa sasa ni lile ambalo karatasi zake unaweza kuzitoa leo ukiulizwa.

Vigezo sita

Kila soko litaulizwa maswali yaleyale. La kwanza ni jina, yaani nani sharti aandikwe kwenye lebo kama mtu wa kujibu iwapo mteja ataumia au sheria itavunjwa. La pili ni viambato, na namna vinavyotajwa. La tatu ni lugha na vipimo. La nne ni alama na maneno ya hatari kwa kemikali za nyumbani, kama sabuni ya maji, dawa ya kusafishia choo na jiki. La tano ni madai, maana sentensi moja ya kusifu bidhaa inaweza kuihamisha kutoka sheria moja hadi nyingine. La sita ni yale yanayotangulia lebo: usajili, ripoti na vipimo vya maabara.

Jambo moja liwekwe wazi tangu hapa. Sabuni ya kuogea na sabuni ya vyombo ni ndugu katika karakana, lakini si ndugu katika sheria. Ya kwanza mara nyingi huhesabiwa kuwa kipodozi, ya pili huhesabiwa kuwa kemikali ya nyumbani, na mtengenezaji anayenakili lebo ya moja kuipeleka kwa nyingine hujikuta amekosea zote mbili.

Jumuiya ya Afrika Mashariki

Jina linaloandikwa hapa ni lako mwenyewe. Kiwango cha EAS 346, kinachohusu uwekaji lebo wa vipodozi katika Jumuiya, kinataka jina la bidhaa, jina na anwani ya mtengenezaji, nchi ilikotengenezwa, uzito au ujazo halisi, viambato, namba ya bachi (mkupuo mmoja wa uzalishaji), tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, maelekezo ya matumizi, na tahadhari pale zinapohitajika. Hulazimiki kuwa na mkazi wa Kenya au wa Uganda anayekubali kubeba jina la bidhaa yako, na nafuu hiyo utaielewa vizuri zaidi ukifika sehemu ya Ulaya.

Viambato huandikwa kwa majina ya kimataifa ya INCI, yale ambayo watumiaji huyaona na kudhani ni Kilatini cha daktari. Mafuta ya nazi yakishaiva kuwa sabuni huitwa Sodium Cocoate, ya mawese huitwa Sodium Palmate, na mwani wa cottonii hutajwa kwa jina lake la Kappaphycus Alvarezii. Ukiyazoea majina haya hapa nyumbani, umeshafanya sehemu kubwa ya kazi ya masoko mengine matatu. Upande wa lugha, Kiingereza na Kiswahili vinakutosha Tanzania, Kenya na Uganda, lakini anayelenga Bujumbura, Bukavu au Goma aongeze Kifaransa. Vipimo ni gramu na mililita.

Sabuni ya maji hupimwa kwa kiwango chake, na lebo hubeba maelekezo ya matumizi na tahadhari za kawaida, kama kuepusha macho na kuweka mbali na watoto. Kuhusu madai, jambo ambalo maofisa hulitazama kwa jicho kali kuliko yote ni ung'arishaji wa ngozi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi, na nchi za ukanda huu zimefanya operesheni nyingi za kuondoa mikorogo madukani. Kwa hiyo sabuni isiyo na chochote kibaya, lakini iliyoandikwa kuwa "inatakatisha rangi", inajiitia ukaguzi usio wa lazima.

Kinachotangulia lebo ni alama ya ubora. Tanzania Bara shughuli ya vipodozi ilihamishwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, kwenda shirika la viwango, TBS; mashirika ya viwango ya kwingine ni haya: Zanzibar mlango wa kwanza ni ZBS; Kenya ni KEBS, Uganda ni UNBS. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, uhakiki wa ubora, vipimo na upimaji inataka bidhaa yenye alama iliyotambuliwa ya nchi moja mwanachama ipokewe na nyingine bila kurudiwa vipimo. Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupita kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa, ambacho hujazwa mpakani. Rwanda ina mpangilio wake, kwa kuwa vipodozi viko chini ya mamlaka ya chakula na dawa, Rwanda FDA, hivyo mwagizaji wa Kigali aulizwe mapema.

Soko hili linamfaa mwenye bidhaa zote mbili, mwenye mtaji mdogo, na hasa mwenye sabuni ya maji, ambayo ni nzito na bei yake haivumilii safari ndefu. Upungufu wake ni bei: duka la Nairobi linakulinganisha na viwanda vikubwa vya hukohuko.

Nchi za Ghuba

Oman na Imarati (Falme za Kiarabu) zinajuana na karafuu ya Unguja na Pemba tangu zamani, na mnunuzi wa huko hahitaji kufafanuliwa makonyo ni nini. Hilo ni faida ya soko, ila halipunguzi masharti ya lebo.

Jina la mtengenezaji na nchi ya asili huandikwa, lakini kwa vitendo bidhaa huingia kupitia kampuni yenye leseni ya hukohuko, ambayo ndiyo inayoisajili. Ukimkabidhi mwagizaji mmoja usajili bila mkataba, utakapotaka kumwacha huenda ukalazimika kuanza upya, kwa hiyo makubaliano ya nani anamiliki usajili yaandikwe kabla ya lebo. Viambato hufuata INCI, kwa sababu kiwango cha nchi za Ghuba kuhusu usalama wa vipodozi, GSO 1943, kimejengwa kwa kufuata sana sheria ya Ulaya. Anayejiandaa kwa Ghuba kwa uangalifu anakuwa amejiandaa nusu ya Ulaya, na kinyume chake.

Lugha ndiyo tofauti kubwa. Maonyo na maelekezo ya matumizi yawe kwa Kiarabu, na tafsiri ifanywe na mtu anayejua maneno ya kazi hii. Lebo nyingi huharibiwa na tafsiri ya haraka ya kompyuta: herufi za Kiarabu zinapopelekwa kwenye programu ya uchoraji isiyozikubali, huachana na kugeuka kutoka kushoto kwenda kulia, na mchoraji asiyesoma Kiarabu hawezi kuona kosa. Tumeni nakala ya mwisho kwa msomaji wa Kiarabu, ikiwa katika umbo litakalochapishwa, wala msitume maandishi peke yake. Tarehe za kutengenezwa na kuisha muda ziwe wazi, na zilizochapishwa pamoja na lebo au kwenye chombo chenyewe huaminika kuliko stika iliyobandikwa juu baadaye.

Kwa kemikali za nyumbani kila nchi ina mlango wake. Saudi Arabia hutumia jukwaa la SABER kwa vyeti vya ulinganifu wa bidhaa nyingi; Imarati hushughulikia kupitia Wizara ya Viwanda na Teknolojia ya Kisasa, ambayo mwaka 2020 ilichukua kazi za mamlaka ya zamani ya viwango; na bidhaa za walaji zinazouzwa Dubai husajiliwa kwa manispaa katika mfumo wa Montaji. Katika madai, neno la kuangaliwa ni "halali". Sabuni ya nazi na mawese haina shida ya kiini, lakini gliserini au asidi ya steariki iliyonunuliwa bila cheti inaweza kuwa na asili ya mnyama, na neno hilo lisichapishwe kabla ya cheti cha taasisi inayotambuliwa huko. Vilevile, picha ya mwili usiositiriwa kwenye kifungashio itakugharimu hata kama viambato vyote ni sahihi.

Soko hili linamfaa mwenye bidhaa ya manukato, udi, karafuu au mafuta ya ngozi, ambaye tayari ana mtu wa kumwamini Muscat au Dubai. Halimfai anayetegemea kutuma katoni mbili tatu kwa msafiri.

Umoja wa Ulaya

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiko watengenezaji wa bidhaa asilia wanakoota kwenda na ndiko wanakorudishwa zaidi.

Sheria mama ya vipodozi ni Kanuni namba 1223/2009, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 11 Julai 2013. Inataka kila kipodozi kiwe na mtu anayewajibika aliye ndani ya Umoja, na jina na anwani yake ndiyo inayoandikwa kwenye lebo. Kwa bidhaa iliyotoka nje, mtu huyo ni mwagizaji, isipokuwa amemteua mwingine kwa maandishi. Nchi ya asili nayo hutajwa. Hiki ndicho kizingiti chenyewe: mwenye duka la Ujerumani aliyependa sabuni yako mara nyingi hajui kwamba akiiagiza yeye ndiye anayekuwa mbebaji wa sheria nzima, na akishajua huenda akaghairi. Mwambie mapema, kwa heshima, kabla hujachapisha chochote.

Nyuma ya jina hilo kuna ripoti ya usalama inayotiwa saini na mtaalamu mwenye sifa zilizotajwa na sheria, kuna faili la bidhaa linalotunzwa kwa miaka 10 tangu bachi ya mwisho iingie sokoni, na kuna taarifa inayopelekwa kwenye CPNP, mfumo wa Umoja wa kupokea taarifa za vipodozi, kabla ya kuuza. Ripoti hufanywa kwa kila fomula. Mwenye sabuni za harufu nane ajue kwamba hizo ni fomula nane, na achague mbili.

Katika viambato, Ulaya ina jambo linalomgusa mpishi wa sabuni ya karafuu moja kwa moja. Orodha ya manukato yanayoweza kuleta mzio na ambayo sharti yatajwe kwa majina imekuwapo kwa miaka mingi, na eugenoli, ambayo ndiyo moyo wa mafuta ya karafuu na makonyo, imo tangu mwanzo. Kiwango cha kulazimika kutaja ni asilimia 0.01 kwa bidhaa ya kusuuza na asilimia 0.001 kwa bidhaa inayobaki mwilini. Tufanye hesabu: sabuni yenye asilimia 2 ya mafuta ya makonyo, na tuseme robo tatu tu ya mafuta hayo ni eugenoli, ina eugenoli asilimia 1.5, yaani mara 150 ya kiwango. Mwaka 2023 Kanuni namba 2023/1545 iliongeza makumi ya majina mengine, yakiwemo mafuta ya karafuu yenyewe. Bidhaa isiyoyataja haiwezi kuingizwa sokoni baada ya tarehe 31 Julai 2026, na zilizokwisha kuingia zina hadi tarehe 31 Julai 2028 kuuzwa. Manukato ya limau na mchaichai nayo huja na limonini, sitrali na linaloli. Kwa hiyo anayenunua manukato ya dukani amwombe muuzaji karatasi inayoonyesha viambato hivyo kwa asilimia, na muuzaji asiyeweza kuitoa hafai kwa soko hili hata kama harufu yake ni nzuri.

Lugha huamuliwa na kila nchi mwanachama, na kwa maonyo na maelekezo tegemea lugha ya nchi hiyo: Kijerumani kwa Ujerumani na Austria, Kifaransa kwa Ufaransa. Vipimo ni vya metriki, na tarakimu za uzito wa kipande cha gramu 100 ziwe na kimo kisichopungua milimita 3. Bidhaa inayodumu zaidi ya miezi 30 hubeba alama ya kopo lililofunguliwa pamoja na idadi ya miezi ya kutumia baada ya kufungua, na inayodumu miezi 30 au pungufu hubeba tarehe ya mwisho.

Sabuni ya maji inaingia katika sheria mbili nyingine kwa pamoja. Kanuni ya sabuni za kusafishia, namba 648/2004, inataka viambato vitajwe kwa makundi ya asilimia, yaani chini ya 5, 5 hadi 15, 15 hadi 30, na 30 na zaidi, pamoja na vihifadhi vyote bila kujali kiasi. Kanuni ya uainishaji wa kemikali, namba 1272/2008, inafuata mfumo wa Umoja wa Mataifa wa GHS: almasi yenye ukingo mwekundu, neno moja la tahadhari, sentensi za hatari na za kujikinga, na msimbo wa UFI wenye herufi na tarakimu 16 unaowezesha kituo cha sumu kujua kilichomo endapo mtoto amekunywa. Sabuni ya vyombo yenye nguvu nyingi huangukia kwenye madhara ya macho, na mara nyingine kwenye alama ya babuzi.

Niliwahi kuweka rula juu ya chupa kama hiyo ya nusu lita. Lebo yake ya mbele ilikuwa na sentimita 7 kwa 9, na picha ya sahani, povu na limau ilikuwa imekula yote. Kwa chombo kisichozidi lita 3, eneo la maelezo ya hatari linatakiwa liwe angalau milimita 52 kwa 74 inapowezekana, na kila alama ya hatari isipungue sentimita moja ya mraba. Tulipolichora eneo hilo kwa penseli lilifunika limau lote na nusu ya sahani. Chupa ilihitaji lebo ya nyuma ambayo haikuwapo, na mashine ya kubandika ya karakana ile ilikuwa ya upande mmoja. Hayo ndiyo mambo ambayo bei ya mchoraji haiyataji.

Madai ya kipodozi yawe na ushahidi, na dai la kutibu ugonjwa huigeuza sabuni kuwa dawa. Dai la kuua bakteria kwenye bidhaa ya nyumbani huipeleka kwenye sheria ya viuavijidudu, ambayo gharama yake haifanani kabisa na ukubwa wa karakana. Uingereza, tangu ijitoe, inataka mtu wake anayewajibika aliye Uingereza na taarifa katika mfumo wake yenyewe, hivyo lebo ya Ulaya haitoshi London.

Soko hili linamfaa mwenye fomula chache zilizotulia, mwagizaji aliyekubali kwa maandishi kuwajibika, na bei inayoweza kubeba ripoti. Linamfaa pia anayepanga kukaa miaka, kwa sababu faili lake hufungua milango mingine.

Marekani

Marekani inashangaza kwa upande mwingine: kipande kilekile cha sabuni kinaweza kuwa vitu vitatu tofauti kisheria, na kinachoamua ni maneno yako. Ukikiandika kuwa ni sabuni ya karafuu, na kweli kazi ya kusafisha inafanywa na chumvi za alkali za asidi za mafuta, yaani sabuni iliyopikwa kwa kostiki (soda kali) kama walivyopika bibi zetu, basi kinatoka katika sheria ya vipodozi na kusimamiwa na tume ya usalama wa bidhaa za walaji, CPSC, na orodha ya viambato hailazimishwi. Ukiongeza kwamba kinalainisha ngozi, kimekuwa kipodozi chini ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, na orodha inalazimika. Ukiongeza kwamba kinaondoa chunusi au fangasi, kimekuwa dawa, na hapo karakana ndogo haina pa kushika. Nimeona mtu akijiingiza katika fungu la tatu kwa sababu ya mstari mmoja aliounakili kutoka kwenye sabuni ya jirani.

Jina linaweza kuwa la mtengenezaji, mpakiaji au msambazaji. Asiye mtengenezaji ataje nafasi yake. Sheria ya kisasa ya vipodozi iliyotiwa saini tarehe 29 Desemba 2022, iitwayo MoCRA, imeongeza kwamba tangu tarehe 29 Desemba 2024 lebo ya kipodozi iwe na anwani ya Marekani, simu ya Marekani au mawasiliano ya kielektroniki ambayo mteja atayatumia kuripoti madhara. Anayeuza huko kwa wastani wa chini ya dola 1,000,000 kwa mwaka katika miaka 3 iliyopita amesamehewa kusajili kiwanda na kuorodhesha bidhaa, isipokuwa kwa baadhi ya bidhaa kama zinazogusa utando wa jicho. Msamaha huo hauondoi mawasiliano ya kuripoti madhara wala wajibu wa kuwa na ushahidi wa usalama.

Viambato hufuata uzito kwa kupungua, na manukato yanaweza kufichwa chini ya neno moja, "Fragrance", mpaka kanuni ya MoCRA ya kutaja vya mzio itakapotoka. Majina yenyewe yanatofautiana na ya Ulaya: Ulaya hukubali "Aqua" na "Parfum", Marekani hutaka "Water" na "Fragrance", na rangi ambayo Ulaya huitaja kwa namba ya CI, yaani ya orodha ya kimataifa ya rangi, Marekani huitaja kwa jina. Rangi iwe imeidhinishwa na FDA, jambo linaloangusha sabuni nyingi za rangi za kuvutia.

Lugha ni Kiingereza, na hapo wengi hupumua. Vipimo ndivyo vinavyonasa: uzito utajwe kwa wakia na kwa gramu, katika asilimia 30 ya chini ya uso mkuu wa kifungashio. Kipande cha gramu 100 ni wakia 3.5. Nimewahi kukaa ghalani na akina mama wa kikundi kimoja tukibandika stika za wakia juu ya vipande 1,200, kimoja kimoja, usiku wa kuamkia siku ya kupakia, kwa sababu sisi wote tulidhani gramu zinatosha.

Kemikali za nyumbani hufuata sheria ya vitu hatarishi ya mwaka 1960. Haitumii almasi nyekundu za GHS kwa bidhaa za mlaji; hutaka neno la tahadhari, jina la kiambato chenye hatari, maelezo ya hatari yenyewe, huduma ya kwanza na agizo la kuweka mbali na watoto. Kimiminika cha nyumbani chenye kostiki isiyotulizwa asilimia 2 au zaidi kinahitaji kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. California ina sheria yake inayotaka viambato vya bidhaa za usafi vitajwe kwenye tovuti na kwenye lebo. Dai la kuua vijidudu juu ya meza au sakafu hupeleka bidhaa kwa EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, na bila namba yake ya usajili haiuziki.

Soko hili linamfaa mwenye sabuni iliyopikwa, isiyo na rangi za bandia, anayekubali kuandika maneno machache, na aliye na ndugu au mshirika huko. Ni soko lepesi kuingia kwa kipande cha sabuni kuliko Ulaya, na gumu kwa anayependa kusifu.

Uchague kwa hali yako

Kama una sabuni ya maji peke yake, anza na nchi jirani, na ukiwa hapo uandae karatasi ya usalama wa kemikali na fomula yenye asilimia kamili, kwa kuwa hizo zitaombwa kokote utakakokwenda baadaye. Kama una kipande cha sabuni, mtaji mdogo na ndugu aliyeko Marekani mwenye anwani na subira, jaribu huko kwa jina la sabuni tupu, bila neno la ngozi wala ugonjwa. Kama mnunuzi wa Ghuba amekubali kulipia usajili, kubali, ila mkataba useme usajili ni wa nani.

Kama mnunuzi wa Ulaya ana nia ya kweli na bei inayoeleweka, punguza harufu ziwe mbili, mwombe muuzaji wa manukato karatasi ya vya mzio, kisha mtafute mtaalamu wa ripoti kabla ya mchoraji. Kama mafuta ya makonyo ndiyo sifa ya sabuni yako, usiyaondoe kwa hofu ya orodha. Sheria inataka yatajwe, na mteja anayejua mzio wake atashukuru.

Kwa yeyote kati ya hao wanne aliyekuuliza bei, jibu la kwanza liwe na maswali mawili: jina la nani litaandikwa kwenye lebo, na yuko tayari kuweka saini wapi? Akijibu, mpelekee mchoraji vipimo vya chupa pamoja na eneo la tahadhari likiwa limeshachorwa kwa penseli, ndipo picha ya karafuu ipangwe katika nafasi iliyobaki.